Natto ya Mwisho ya Mzee Kanejiro

Hadi leo namkasirikia Bi Shizue Nemoto, ingawa nampenda kama dada yangu wa tumbo moja. Mtu akikupa njia ya kuokoa unachokipenda na wewe ukaikataa, aliyekupa anabaki na kinyongo hata kama ulikuwa na haki.

Kiwandani kwetu hapa Mito, mji wa natto huku Japani, tunafuga bakteria. Wamepandikizwa jeni maabarani, na tukiwalisha kiini cha soya hukigeuza kuwa ekwoli, kitu kinachowapunguzia wanawake waliokoma hedhi lile joto la ghafla na kukosa usingizi. Kuna watu ambao matumbo yao hutengeneza ekwoli yenyewe, na kuna wengine ambao hata wale gunia zima la soya hawapati kitu. Shizue alizaliwa katika nyumba iliyotengeneza natto vizazi vinne, akala soya hizo zilizochachushwa kila asubuhi ya utoto wake, lakini alipopimwa akakutwa yuko kundi la pili. Tulimcheka wiki nzima. Baba yake, mzee Kanejiro, hakucheka. Alisema soya zake hazina kosa, tumbo la binti ndilo halina adabu.

Ila kiwanda kina sheria moja kubwa: anayeingia chumba cha matangi hali natto. Bakteria wa natto ni wakorofi. Hujivika gamba, wakavumilia hata maji yanayochemka, na wakipenya kwenye tangi huwameza wetu kwa siku mbili. Shizue ndiye aliyekuwa akitia mbegu ya bakteria tangini, kwa mkono wake, na ndiye aliyewafundisha wageni wote sheria hiyo. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mitatu hakuonja natto ya baba yake.

Mzee hakuacha kumjaribu. Kila Jumapili alimwekea bakuli, binti akalisogeza pembeni kwa heshima. Niliwahi kuwapo siku moja.

"Kijiko kimoja tu," mzee alisema. "Hao wadudu wako watajuaje?"

"Watajua, Baba."

"Nimekulea kwa hiki chakula. Leo unakiona uchafu."

Shizue aliinamisha kichwa, na mzee akalila bakuli lile yeye mwenyewe, akivuta nyuzi za natto kwa vijiti polepole mno. Mimi niliona aibu nikatazama bustani.

Mzee Kanejiro alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado chini. Hakuwahi kununua bakteria wa dukani kama wenzake. Wake waliishi kwenye mabua ya mpunga ya shamba lake na kwenye mbao za chumba chake cha kuchachushia. Shamba lilikuwa limeuzwa zamani, na chumba, kwa kuwa paa lilikuwa linaanguka, kilibomolewa wiki ya tatu baada ya mazishi, mbao zikachomwa. Kilichobaki ni furushi moja la natto ndani ya mabua, kwenye friza ya Shizue.

Siku ya arobaini na tisa, siku tunayowaaga wafu wetu, aliliweka furushi lile mbele ya picha ya baba yake, akachoma ubani, akaomba. Kwetu chakula cha marehemu hakitupwi. Kikishushwa kutoka mbele ya picha, wa nyumbani wanakila, na kutokila ni sawa na kuusukuma mkono wa aliyekupa. Shizue hakuwa na mwingine nyumbani. Alikaa chini akakila chote, punje kwa punje, akilia.

Aliyeteleza akala, sheria inamtaka akae nje siku tatu. Yeye aliomba likizo ya siku saba. Alijisugua, akakata kucha hadi zikauma, akatupa nguo alizovaa na yale mabua yenyewe. Akasahau kitu kimoja. Shanga za sala, alizozishika alipolishusha furushi, alikuwa amezivaa mkononi tangu siku ya mazishi, na zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya mwili wake. Aliingia nazo chumba cha matangi, chini ya glavu.

Tangi namba nne liliharibika siku ya pili. Mimi ndiye mpimaji, nikafungua sampuli, na kabla sijaitazama kwa hadubini pua ilikuwa imeshanijulisha. Mtu wa Mito hahitaji mashine kuijua harufu ile. Nikainua kijiti cha kioo, nyuzi zikavutika.

Meneja wetu, Bwana Ebisawa, alituita sote akauliza nani amekula natto. Tulikuwa kumi na wanne, na hapakuwa na njia ya kumjua aliyekula. Shizue alikunja mkono wa koti akaonyesha shanga. Alieleza kila kitu kwa sauti ya kawaida, hata ile sehemu ya kulia. Bwana Ebisawa akasema tangi litapigwa mvuke jioni ileile, na kwamba kuanzia kesho Bi Nemoto atapokea soya getini. Chumba cha matangi asikanyage tena.

Nilimfuata koridoni. Nilikuwa na kisahani chenye bakteria wale, weupe, wenye afya, wa mzee Kanejiro, na duniani hawakuwa tena mahali pengine.

"Nikujazie kichupa," nilimwambia. "Weka mfukoni. Mimi sijaona kitu."

Alikitazama kile kisahani kama mtu anayetazama mtoto amelala. Nilidhani atakubali.

"Wamekaa tangi moja na wale wetu waliopandikizwa jeni, Bwana Onuki," akasema. "Kinachotoka mle hakitoki hai. Niliwafundisha hivyo, hata wewe."

"Ni baba yako, Shizue."

"Ndiyo."

Alinipokonya kisahani akakitumbukiza mwenyewe kwenye kikapu cha vitu vya kupigwa mvuke, na shanga juu yake. Nilimwita mpumbavu. Hakukasirika.

Aliomba jambo moja tu, kwamba koki ya mvuke aifungue yeye. Bwana Ebisawa alimruhusu. Alisimama mbele ya tangi namba nne, akaunganisha viganja, akainama, akasema yale maneno ya shukrani tunayomwambia mpishi tukimaliza kula. Miaka kumi na mitatu mzee alikuwa akiyasubiri. Kisha akafungua koki, nami nikasimama naye mpaka mshale wa joto ulipofika nyuzi mia na ishirini na moja, nikaandika saa.