Video ya Mama Haina Ukungu

Mtaani wanamwita Mama Mkasi, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga video za sherehe, na kwa sababu ulimi wake nao unakata. Siku ile kaka yake mkubwa aliingia dukani bila hodi, simu mkononi, akaanza kufoka mbele ya wateja.

"Hii ndiyo video ya mama kutimiza miaka sabini? Ukungu mtupu! Umenitia aibu kwenye kundi zima la ukoo."

Damu ilimchemka Mama Mkasi. Siku nne alikaa kwenye kompyuta akikata na kuunga, na kuitoa tu ile video kwa ubora wake wote kulichukua saa tatu. Alimkabidhi kaka flashi na kumwonya: ichomeke kwenye runinga, usiirushe kwa simu, simu inaibana mpaka inaharibika. Kaka akairusha.

"Kaa hapo, kaka," alisema huku ameuma meno, akafungua nakala yake kwenye skrini kubwa.

Mama akatokea angavu, hata uzi uliochomoza kwenye ukosi wa gauni lake ulionekana. Kaka akanywea.

"Kumbe iko safi. Lakini mbona mama haangalii kamera? Si ungemwambia?"

"Nilimwambia. Alikuwa anaangalia mlango." Mama Mkasi alizima skrini. "Si ulimpigia ukasema uko njiani? Nimekata dakika arobaini za mama kuangalia mlango, kaka. Hizo ulizoziona ni zile nilizoshindwa kuzikata."