Runinga ya Nukta Milioni Nane

Nimejifunza mambo mengi kwa kusoma peke yangu, na mwezi uliopita nilisomea runinga. Maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yalikuwa yamefifia. Nikasoma kwamba picha ni nukta tupu, na kwamba skrini kubwa yenye nukta chache haionyeshi vizuri. Nikapima kwa tepu kutoka kitini hadi ukutani, mita tatu kamili. Nikauza ile ya zamani, nikanunua ya inchi hamsini na tano yenye nukta milioni nane. Maandishi yakabaki vilevile.

Siku ya tatu niliirudisha dukani, hapa Changamwe. Mbele ya wateja nikamweleza muuzaji, Bi Mwanaisha, kuwa ameniuzia nukta pungufu. Hata hesabu nilimwonyesha daftarini.

Akaiwasha, akarudi nyuma hadi mlangoni, akayasoma yale maandishi bila kusita.

"Haya baba, nawe soma."

Nilikuwa karibu kuliko yeye. Nikakaza macho, nikasoma neno moja, nalo nikalikosea.

"Mzee, nukta zilizopungua ni zako," mteja mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Bi Mwanaisha hakucheka. "Wallahi baba, runinga ni nzima. Kwani huko nyumbani hakuna aliyekwambia kwamba yeye anaona?"

Nikafunga daftari. Nikamjibu kwamba tangu mama watoto afariki, anayeitazama ni mimi tu.