Nyota Moja, Kubwa

Juzi jioni mlenda, ile mboga ya utelezi, ulinifurikia jikoni, hapa Makole, Dodoma. Nilipoinama kuuokoa, mvuke ukanipanda kwenye miwani, na taa ya darini ikageuka dubwana jeupe lenye manyoya, kama fungu la pamba. Mtu mwenye akili angevua miwani akaifuta. Mimi nikasimama na mwiko mkononi, mlenda unaungua, nikajisemea: ehe, hiyo ndiyo nyota niliyoijua utotoni.

Msinicheke mapema. Nilikulia kijijini Kolo kwa babu mzaa baba, na hadi naingia sekondari niliamini kwamba nyota ni pamba. Ningejuaje kama wenzangu wanaona vitu vidogo vyenye ncha? Hakuna mtu anayemuuliza mwenzake, "Hivi kwako nyota ina manyoya?"

Mvua zilipokaribia, babu alikuwa na desturi yake. Baada ya sala ya magharibi alitandika mkeka uani, akatupanga wajukuu tukielekea mashariki, kule vilimani. Huko ndiko kilikochomoza Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, na kikionekana mapema namna hiyo, mbegu za uwele zinatolewa. Babu alimuuliza kila mtoto: unaona ngapi? Aliyejibu vizuri aliahidiwa dungu, lile jukwaa la miti shambani ambako watoto hukaa kufukuza ndege uwele unapokomaa. Dunguni kulikuwa na upepo, kombeo, ruhusa ya kupiga kelele, na hakuna mtu mzima. Nililitaka dungu kuliko nguo ya Idi.

Binamu yangu Hamisi ndiye aliyeanza. "Kumi na mbili, babu!"

"Mwongo huyo," akasema dada yake, Zuhura. "Ni sita."

"Wewe una makengeza!"

"Na wewe, mchumba wangu?" babu akanigeukia.

Nikakodoa. Nikafinya. Nikainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. "Moja," nikasema. "Kubwa."

Hamisi alicheka hadi akabingirika nje ya mkeka. "Huyo mwacheni na vyungu! Dungu lake jiko!"

Babu peke yake hakucheka. Aliuliza taratibu, "Moja? Ina ukungu ukungu hivi?" Nikasema ndiyo. Akaguna tu. Hamisi na Zuhura wakapewa dungu, mimi nikaambiwa nibaki nyumbani na babu, nichunge mlenda usifurike. Nikalia siku ile, kisha nikazoea. Nimezoea mno, kwa kweli. Hadi leo kunitoa nyumbani ni kazi, na mlenda wenyewe, kama mlivyosikia, bado unanishinda.

Sekondari nilisoma Dodoma mjini. Mwalimu wa jiografia aligundua kwamba ubaoni naona chaki inayotembea tu, akanipeleka kwa daktari wa macho, nikapata miwani. Ni yeye aliyetufundisha kwamba Kilimia kikitazamwa kwa darubini kina nyota mamia, na kwamba mwanga wake tunaouona uliondoka huko karne kadhaa zilizopita. Kwa hiyo Hamisi, pamoja na uwongo wake, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Sijamwambia, na sina mpango huo. Tukafundishwa pia kwamba ule mkanda mweupe angani ni galaksi yetu, nyota nyingi mno hata jicho zima linaziona kama moshi, na kwamba hatuwezi kuliona umbo lake lote kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani. Wenzangu walihangaika na somo hilo. Mimi nililielewa mara moja: ni kama kutaka kuiona nyumba yako ukiwa jikoni.

Likizo ya mwisho wa mwaka nilirudi Kolo. Mvua zilikuwa zimechelewa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba." Akanipapasa uso, kidole kikagota kioo. "Umejiwekea madirisha?"

Magharibi mkeka ukatandikwa. Nikatazama, na zilikuwepo: ndogo, kali, zimetengana, kana kwamba mtu ameziosha.

"Sita, babu."

"Hakika?"

"Hakika."

Nikasubiri anipe dungu, mtu mzima mimi. Badala yake akamwita shangazi: "Toa mbegu."

Nikamtania, "Na wewe, babu, unaona ngapi?"

"Moja," akasema. "Kubwa. Tangu hujazaliwa."

Niliichukulia ile kama utani wa babu na mjukuu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa akitupima. Alikuwa akiazima macho. Idadi ndiyo iliyomhakikishia kwamba tunatazama Kilimia chenyewe, si nyota nyingine iliyopita njia. Chakula cha nyumba nzima kilipandwa kwa neno la watoto, na mmojawao ni Hamisi.

Jibu langu la utotoni, lile la "moja", halikumsaidia kupanda chochote. Lakini nadhani ndilo lililonibakiza nyumbani. Mlenda hauhitaji watu wawili wa kuuchunga, nasi jioni zile tulikaa wawili, chungu kikichemka, tukiitazama pamba yetu ileile.