Jino la Pili la Chileshe

Wewe ulianza kuota jino la juu au la chini? Kama hujui, una bahati: hakuna aliyewahi kukutazama kinywani kwa hofu.

Chileshe alijua tangu utotoni. Alizaliwa Pweto, mji wa kando ya ziwa, na jino lake la kwanza lilichomoza juu. Huko kwao mtoto wa namna hiyo huitwa kinkula, na wazee husema kila jino la kinkula linapong'oka, mtu wa ukoo hufa. Zamani hawakungoja meno yang'oke; mtoto alitupwa ziwani. Mama yake, Léonie, kabla wazee hawajamchukua, alimfunga mgongoni akapanda lori la samaki wakavu hadi Lubumbashi. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, mama alifunga na kuomba, na kila msiba wa ukoo aliuweka moyoni.

Sasa Chileshe ana miaka thelathini na minne, ni fundi cherehani pale Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Meno yake ya mbele hayajakutana hata siku moja. Akifunga kinywa, magego yanagusana, lakini mbele panabaki mwanya wa kupitisha kidole. Hajawahi kung'ata muhindi wa kuchoma. Wenzake wanakata uzi kwa meno. Yeye hutafuta mkasi. Ikifika jioni, taya linamuuma hadi sikioni.

"Weye Chileshe," humtania Zéphirin, fundi Mkasai wa cherehani ya jirani, "meno yako ya juu na ya chini haiongeleshane? Ita bakubwa bapatanishe!"

"Bakubwa njo balileta hii mambo yote," Chileshe hujibu.

Mwaka jana alikwenda mtaa wa Bel-Air kwa Dokta Sofia, daktari kijana wa meno. Sofia alimpitisha kamera ndogo kinywani, na meno yake yote yakatokea kwenye kompyuta. Kisha akamwonyesha picha nyingine: kinywa kilekile, kimefunga kama cha watu wengine. Chileshe aliitazama mpaka macho yakalowa.

"Mufupa ya muntu mukubwa iko nguvu, papa, lakini inasikiaka," Sofia alisema. Angemtia waya kwenye meno, na skurubu mbili, ndogo kama punje za mchele, ndani ya mfupa wa taya, ili ziyasukume magego juu na meno ya mbele yapate kufunga. Ila nafasi ilikuwa haitoshi. Jino moja la juu lazima ling'olewe kila upande.

"Mbili?"

"Mbili. Na haitaweza kuachia katikati."

Alikubali, wala hakumwambia mama. Alidhani jambo lisilosemwa linaweza kufichika katika nyumba ya vyumba viwili.

Waya na skurubu zilitangulia; jino la kwanza likang'olewa Ijumaa. Jumapili simu ikalia kutoka Pweto: mjomba Mwelwa, kaka yake mama, amefariki. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na tangu Pasaka hakuinuka kitandani. Mama Léonie alilitazama shavu la mwanawe lililovimba. Hakulia. Aliinua kidole kimoja.

"Moja," akasema.

Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya jino la pili, Chileshe aliingiza mkono kwenye debe la unga akakuta vidonge vya mama vya shinikizo la damu, pakiti nzima, hata kimoja hakijaguswa. Akaitazama miguu ya mama. Ilikuwa imejaa.

"Mama, juu ya nini hauko unakunywa dawa?"

"Kesho unatosha jino ya pili, hapana?"

"Iko jino tu, Mama!"

"Na Mwelwa alikuwa muntu tu. Ya pili itamutafuta nani? Plamedie?" Plamedie, binti wa Chileshe wa mwaka mmoja, alikuwa amelala mapajani mwa bibi. "Heri inikute miye, niko tayari ku mulango."

Chileshe alipiga kelele. Alitaja ugonjwa wa mjomba, alitaja shule, alitaja kanisa ambamo mama huyuhuyu huimba kila Jumapili. Mama alimwacha amalize.

"Weye nilikukimbiza," akasema. "Huyu sitaweza kumukimbiza. Nimezeeka."

Kesho yake Chileshe alikwenda Bel-Air.

"Tosha yote, Dokta," akasema, akionyesha waya kinywani.

"Papa, tulitosha jino upande moja tu! Tukiachia hapa, meno itaenda upande. Itakuwa mubaya kupita mbele. Mulete mama, nimusemeshe."

"Nilishamusemesha. Tosha."

Sofia alikata waya kwa hasira, kisha akazifungua skurubu moja baada ya nyingine na kuzidondosha kwenye sahani ya chuma. Kwenye kompyuta, kile kinywa kingine kilikuwa bado kimefunga vizuri. Wazee waliomtaka ziwani wamekufa wote zamani, na bado walikuwa wamemkalia kifuani pale kwenye kiti cha daktari. Angekuwa na mtu wa kumpiga ngumi, angempiga. Alikuwa na mama tu.

Asubuhi iliyofuata alimwonyesha mama kinywa kisicho na waya, akampa chai na vidonge. Mama akameza cha kwanza, akameza cha pili. Chileshe hakuondoka. Basi mama Léonie akaweka kikombe chini, akafumbua kinywa kwa upana, akainua ulimi na kuyavuta mashavu kwa vidole, huku na huku, ili mwanawe aone mwenyewe kwamba hakuficha kitu.