Siku Lea Alipokuwa Mdai Yotham

Watu wa Mahomela hawakumchagua Yotham Ndahani kuwa mdai kwa sababu ya ufundi wake wa kusema. Yotham alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anang'olewa jino. Ila fomu ya mahakama ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Kijiji kizima kilikuwa kinadai, wazee kwa watoto, lakini karani akasema mstari ni mmoja, na Yotham ndiye aliyekuwa amekaa karibu na kalamu.

Mkewe, Lea, alimtazama akiandika jina lake taratibu, ncha ya ulimi imetoka kidogo. Ndivyo alivyokuwa akiandika tangu darasa la tatu, Lea akiwa dawati la nyuma yake. Lea alimaliza la saba, akaolewa, na wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, Elieth, aliyekuwa akiota jino la kwanza na hataki kitu kingine duniani isipokuwa ziwa la mama yake.

Walichokuwa wanadai ni msitu wa Chilindi. Si msitu mkubwa. Ukirusha jiwe kwa nguvu upande huu, nusura liangukie upande wa pili. Ni mikuyu minene imekizunguka kisima, na tangu enzi hakuna aliyethubutu kukata humo hata kijiti cha mswaki. Wanawake wa Mahomela wanajua kwa nini. Wao ndio wachotaji. Wanajua mkuyu ukipukutisha majani kabla ya wakati, maji yatashuka; ukichipua katika ukavu wa Oktoba, yatapanda hata kabla wingu halijaonekana. Hilo hawakufundishwa shuleni, walilijua kwa kuinama kisimani kila siku.

Basi miaka ile ya ruksa, duka la ushirika limeshafungwa na mitumba imejaa gulioni, akatokea Bwana Fabian. Huyu alikuwa ofisa wa shirika moja la umma, akapunguzwa kazini, na kwa kiinua mgongo chake akanunua lori kuukuu na kibali cha kuchoma mkaa. Kibali kilisema Chilindi ni "pori tupu lisilo na maji". Bwana aliyekiandika alikuja kupakagua mwenyewe, akanywa maji ya kisima kile kata mbili, akaomba ya tatu ya kutia kwenye rejeta ya gari, akaenda ofisini akaandika hakuna maji.

Wachomaji wakaangusha mkuyu mmoja. Kijiji kikaenda mahakama ya mwanzo, ukataji ukasimama kungoja shauri, na shauri likaahirishwa mara mbili. Mara ya tatu karani, kijana mmoja aitwaye Fredy, akamwonya Yotham: "Alhamisi usipoonekana, shauri linatupwa, na jioni hiyohiyo jamaa wanaingia na mashoka. Umenisikia, mzee?"

"Nimesikia," alisema Yotham.

Angekwenda vizuri tu, kama si ndama.

Wiki ile ndama walianza kufa. Watatu, kisha watano, bila ugonjwa unaoeleweka. Bibi Dorothea, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akatangaza kwamba nchi imechafuka kwa sababu ya mkuyu uliokatwa, na wanaume wameshindwa kuisafisha. Kwa hiyo, kama walivyofanya bibi zake, wanawake watavaa nguo za wanaume, watashika fimbo, watachunga ng'ombe, na kwa siku nne watauswaga uchafu huo kuelekea magharibi mpaka nje ya mipaka. Siku hizo nne mwanamume hashiki fimbo, hasemi barazani, haendi kwenye shughuli yoyote ya kiume. Anakaa nyumbani, anapika, analea. Akikosea mmoja tu, kazi yote inaanza upya.

Walianza Jumanne. Lea alivaa suruali ya Yotham na koti lake la mitumba lenye mabega ya kuinuka kama ya waziri. Suruali ilikuwa pana, mkanda haukuwepo, akajifunga kamba. Yotham alibaki jikoni, machozi yanamtiririka kwa moshi, akamuuliza mkewe unga unatangulia au maji. Jioni ng'ombe waliporudi na Lea akaketi kwenye kigoda cha mumewe akingoja chakula, alijisikia vizuri kiasi kwamba aliona aibu kidogo. Ugali ulikuwa mbichi katikati. Aliula wote asimvunje moyo.

Jumatano jioni Yotham akainua kichwa kwenye chungu. "Mama Elieth. Kesho si Alhamisi?"

Walikimbia wote wawili kwa Bibi Dorothea, Lea mbele, Yotham nyuma akiwa na mtoto.

"Shikamoo, bibi. Kesho mahakamani. Baba Elieth ndiye mdai. Asipokwenda, mikuyu inaisha."

"Na akienda, ng'ombe wanaisha," alisema Bibi Dorothea. Akafikiri, akitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. "Karatasi inasema mdai ni nani?"

"Yotham Ndahani."

"Mwanamume wa nyumba ya Ndahani. Basi. Wiki hii mwanamume wa nyumba hiyo ni nani?"

Yotham alimtazama Lea. Lea alitazama suruali.

"Mimi siwezi kudanganya mbele ya Biblia, bibi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kakwambia udanganye? Kaseme ukweli. Ila uuseme kiume, usinong'one."

Alfajiri Lea akaondoka na wanawake wawili, Lydia na Angelina, kila mmoja na koti na fimbo. Mtoto alibaki na baba yake na kikombe cha uji. Njia nzima Lea aliyasikia maziwa yakijaa.

Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilo na kioo. Kiti cha kati alikaa Hakimu Respicius, mtu wa Bukoba, msafi, mwenye miwani. Kulia kwake alikaa mzee wa baraza, Mazengo, wa kijiji cha jirani. Kushoto, mzee wa baraza wa pili, Bi Batuli, mama wa Kondoa mwenye duka la kanga, anayeshika tasbihi hata shauri likiwa la kuku.

"Yotham Ndahani!" aliita Fredy.

"Nipo," alijibu Lea, akasimama.

Mzee Mazengo alipoona wanawake watatu wenye makoti na fimbo, alielewa papo hapo. Akashuka kitini polepole, akaketi sakafuni, akatazama ukuta.

"Mzee Mazengo, umeanguka?" aliuliza hakimu.

Mzee hakujibu. Alimvuta Bi Batuli upindo wa baibui, akamnong'oneza. Bi Batuli akasema, "Mheshimiwa, anasema leo hawezi kusema barazani. Wanaume wako hapa."

"Na yeye ni nani?"

Bi Batuli akainama, akasikiliza, akainuka. "Anasema leo si kitu."

Bwana Fabian, aliyekuwa amevaa tai, alicheka mpaka akapangusa macho. "Mheshimiwa, huyu ni mwanamke! Mdai hakufika. Shauri litupwe, tukafanye kazi."

"Ataapa, tusikie," alisema hakimu. Lea alipewa Biblia. Alikumbuka asinong'one.

"Naapa kwamba mimi ni Lea, mke wa Yotham. Naapa tena kwamba toka Jumanne mpaka kesho, mambo yote ya kiume ya nyumba ya Ndahani ninayo mimi. Ng'ombe ninao mimi. Kigoda ninacho mimi. Na kesi hii ninayo mimi."

"Kesi si ng'ombe, mama," alisema hakimu.

"Niite baba, mheshimiwa. Mpaka kesho tu."

Chumba kikaangua kicheko. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, labda akitumaini kuona kitu tofauti. Akasema atamsikiliza kwanza, kisha mahakama itaamua kama amefika au hakufika.

Fabian alitoa kibali chake chenye mihuri mitatu, akasoma "pori tupu lisilo na maji". Lea akaulizwa ana nini cha kupinga hati ya serikali.

"Nina kamba."

Ilikuwa kamba ya kisima, yenye fundo kila hatua ya kina. Kabla mkuyu haujakatwa, ndoo iligusa maji kwenye fundo la saba. Sasa inafika la tisa. "Mkuyu ni mmoja tu aliokata, mheshimiwa. Umeondoka na mafundo mawili. Imebaki kumi na minne. Huko chini kamba haitatosha, na maji hayatakuwepo."

"Ilete hiyo kamba, iwe kielelezo."

Lea hakusogea. "Ndiyo iliyoshika suruali."

"Sheria inataka kielelezo kiwe mezani," alisema Fredy, kwa huzuni ya kweli.

Akaifungua, akaikabidhi, akabaki ameshika suruali kwa mkono wa kushoto. Fredy akahesabu mafundo kwa kidole, akapiga muhuri kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwenye kamba. Hapo ndipo dirishani kuliposikika kilio ambacho Lea angekijua hata angekuwa amekufa.

Yotham alikuwa amesimama nje, kanga kichwani, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Mtoto aliukataa uji tangu asubuhi. Angelina alimpokea kupitia dirishani, akampa Lea. Lea akaketi, jambo lililomaliza tatizo la suruali, akafungua koti lenye mabega. Kilio kikakatika.

"Mdai," alisema hakimu, "unafanya nini?"

"Nanyonyesha, mheshimiwa."

Fredy aliinua kalamu. "Niandikeje, mheshimiwa?"

"Andika ulichokiona."

Akaandika, akisoma kwa sauti: "Mdai... ananyonyesha."

Fabian alikuwa ameshaliona dirisha. "Yule! Mheshimiwa, yule mwenye kanga ndiye Yotham! Muulize mwenyewe, tumalize mchezo huu!"

Kicheko kilikufa. Lea alimtazama mumewe. Akisema ni yeye mdai, kazi ya siku tatu imeharibika na nyumba zote zitamlaumu kwa kila ndama atakayekufa. Akisema si yeye, atakuwa amedanganya mahakama. Na mtu mwenyewe ni Yotham, ambaye hata salamu humpa tabu.

"Wewe pale," alisema hakimu. "Wewe ndiye mdai katika shauri hili?"

Yotham aliivuta kanga, akainamisha macho, akasema kwa upole: "Mimi mtu wa nyumbani tu, baba. Mambo hayo mumuulize mwenye nyumba."

Bi Batuli akaanza kucheka, tumbo kwanza, sauti baadaye, tasbihi ikimruka mkononi. Lydia akafuata, kisha kila mwanamke aliyekuwa chumbani. Jibu hilo walilijua wote. Mkusanya kodi akija, bwana shamba akija, mhesabu watu akija, ndilo walilojibu maisha yao yote, na hakuna ofisa aliyewahi kuliona kuwa na kasoro.

"Tupige kura," alisema hakimu, amechoka. "Mimi naona mdai hakufika, shauri litupwe."

"Mimi naona kafika," alisema Bi Batuli. "Kafika na ushahidi, kafika na mtoto. Wanaume wangapi tumewaona hapa wamefika mikono mitupu wakasikilizwa? Na hao maofisa, kila siku wakiambiwa 'muulize mwenye nyumba' huridhika wakaondoka. Leo iwe dhambi?"

Mzee Mazengo, bila kugeuka kutoka ukutani, aliinua mkono, akaelekeza kidole kwa Bi Batuli.

Mahakama ya mwanzo haina mkubwa kwenye kura. Wawili kwa mmoja. Hakimu Respicius akaandika, kalamu ikikwaruza, kwamba mdai amefika. Kwamba hati inasema hakuna maji na kamba inasema yapo. Na kwamba ni marufuku kukata mti wowote Chilindi mpaka mahakama ifike yenyewe ikakione kisima.

Lea alilia, kidogo tu, akimfuta Elieth maziwa shavuni. Siku iliyofuata walimaliza kuuswaga uchafu magharibi. Waume wakarudishiwa suruali, na ndama hawakufa tena wiki ile, ingawa Yotham alisema labda waliokuwa wa kufa walikuwa wameshakwisha. Alianza kusemasema, Yotham, tangu siku ile.

Mahakama haikufika. Haikuwa na gari. Fabian alipoona miezi inakwenda, alijitolea kuibeba kwa lori lake, akaandikiwa barua kwamba mahakama haiwezi kupanda chombo cha mdaiwa. Kijiji kikapeleka mkokoteni wa punda, kikaambiwa haiwezi kupanda chombo cha mdai pia. Kwenda kwa miguu hakukuwa na fungu lake. Fabian akaandika barua nyingine, na nyingine, kisha akahamishia mkaa wake kwingine, akawa anawapungia mkono anapopita.

Huu sasa ni mwaka wa tatu. Amri bado ipo, kwa kuwa hakuna aliyefika kuiondoa. Kila Lea anaposikia injini bondeni, hutega sikio. Juzi aliisikia akiwa analima. Akaweka jembe chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka hadi njiani akalisimamisha gari kwa mkono.

"Nyinyi ni mahakama?" aliuliza.

"Hapana, mama," alisema mwanamke mwenye koti jeupe. "Chanjo ya watoto."

"Aa, karibuni!" alisema Lea, akageuka kumwita Elieth, ambaye alikuwa ameshakimbilia mikuyuni kujificha.