Mama Povu na Wageni wa Jumatatu

Saa tisa alasiri, jikoni, mwanamke mwenye kilemba cheupe anadondosha juisi ya karoti kwa bomba la sindano ndani ya bakuli la maji ya kugandishia. Kila tone linajikunja na kuwa punje laini kama yai la samaki. Anachota moja, anaonja, anatikisa kichwa.

"Ganda limekuwa gumu. Turudie," anamwambia mwenzake.

Mgahawa huu una viti kumi tu, vyote vikitazama jiko. Wageni huja kushangazwa: supu inayokuja kama povu, nyanya inayokatwa ikatoka embe. Povu ndilo fani yake, ndiyo maana wenzake humwita Mama Povu.

Miaka miwili iliyopita mumewe, fundi seremala, alipata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, koo likagoma. Hata maji yalimpalia. Hospitali ikaagiza asagiwe kila kitu.

"Nilisaga wali, kuku na mboga pamoja, ikatoka kitu cha kijivu," anasimulia. "Akaniambia, 'Mke wangu, hata wewe usingekula hii.' Nikaonja. Kweli nisingekula."

Fundi alipungua kilo kumi na nne. Kilichomuumiza zaidi mkewe ni kwamba aliacha kukaa mezani na familia. Alisubiri waondoke ndipo ale.

Siku moja, akipakua jeli ya mchuzi wa kuku kazini, Mama Povu alisimama na kijiko mkononi. "Nikajisemea, mimi nalipwa kuwalainishia chakula watu wenye meno yao yote, na nyumbani mume wangu anakonda."

Alimweleza bosi wake, mpishi mkuu. Jibu lilikuwa fupi: "Hapa si hospitali." Hakubishana. Alinunua unga wake mwenyewe wa kugandishia, akaanza kujaribu nyumbani.

Jaribio la kwanza nusura limtie msibani. Jeli iliyeyuka mdomoni ikawa maji, fundi akapaliwa hadi macho yakamtoka. Dada yake alikuwepo. "Wifi, acha majaribio," alimwambia. "Utaniulia kaka yangu."

"Wiki nzima sikugusa sufuria," anasema Mama Povu. "Halafu nikajiuliza, nikiacha, atakula nini? Kile cha kijivu?"

Akamfuata mtaalamu wa tiba ya kumeza hospitalini, akambebea vikombe vya kila alichopika. Huyo ndiye aliyempima fundi na kumwonyesha mkewe kosa: unga aliotumia huyeyuka kwa joto la mdomo. Unga wa mwani, ukiganda kisha ukasagwa tena, hubaki laini bila kurudi kuwa maji. Tangu hapo hakuna chakula kilichomfikia fundi kabla mtaalamu hajakipitisha.

Mwezi uliopita alirudi kwa bosi na ombi moja: ampikie mumewe mgahawani Jumatatu, siku ambayo mgahawa hufungwa. Bosi akakubali kwa sharti kwamba naye atakula kilekile.

Wakaketi watatu: fundi, dada yake na bosi. Kuku alikuja na umbo la paja, karoti zikiwa na rangi yake, viazi kando. Wifi hakuondoa macho kwenye koo la kaka yake. Bosi alimaliza sahani yake.

Fundi alimeza, akaweka kijiko chini. "Kuku wako amepungua chumvi," akamwambia mkewe.

"Nilikimbilia stoo nikalia," anasema. "Tangu kile cha kijivu alikuwa halalamikii chakula. Anakimeza tu kama dawa. Sasa analalamika, ujue amerudi mezani."

Bosi amempa Jumatatu mbili kila mwezi za kuwapikia wenye shida ya kumeza. Mama Povu anataka zote, na anataka asubuhi zake awafundishe wanaouguza wagonjwa nyumbani. Wifi ameshajiandikisha. Bosi bado anasitasita. "Atachoka yeye kunikatalia kabla mimi sijachoka kuomba," anasema Mama Povu.

Jumatatu ijayo ana wageni wanne. Mmoja, mwalimu mstaafu, amepiga simu mwenyewe, kwa sauti ya kujikongoja, kuuliza kama pilipili inaruhusiwa.

"Nimeshamuuliza mtaalamu," anasema Mama Povu, akijaza tena bomba lake. "Kidogo, amesema. Basi atapata."