Gari la Viti Viwili

Mume wangu alipofariki aliniacha na nyumba ya Chanika, pale Handeni, kuku kadhaa na gari la spoti la Kiingereza. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai kwao Dindira. Gari lile liliachwa huko na meneja Mzungu aliyeondoka zamani, likabaki kibandani, panya wakala viti. Alipostaafu aliliomba, akapewa, akalishusha kwa lori hadi Handeni. Alihangaika nalo miaka. Alinyoosha bodi kwa nyundo, akachonga mwenyewe vipuri visivyopatikana, akalipaka rangi ya kijani. Viti vilishonwa upya na fundi viatu wa Korogwe.

Lilikuwa dogo, halina paa, la watu wawili tu. Watoto wakilalamika aliwaambia, "Nyie mna miguu." Sikukuu ikifika tulikwenda nalo Korogwe, mimi nimekaza mtandio usipeperuke, tukiongea kwa kupayuka maana upepo ulikuwa unameza maneno.

Baada ya msiba, jioni nilizoea kwenda kukaa kwenye kiti changu cha kushoto, gari limesimama uani. Sikuwa nafanya chochote. Siku moja jirani alinikuta humo, akanisalimia, akaondoka bila kusema alichofuata. Ndipo nikamwambia mwanangu aliyeko Dar es Salaam anitafutie mnunuzi. Akaweka picha mtandaoni: gari la zamani la Kiingereza, limekarabatiwa, linauzwa.

Aliyekuja alikuwa mwanamume mpole kutoka Arusha. Aliniamkia, akalizunguka gari kimya kimya, kisha akalala chali chini yake na suruali yake safi.

"Mama, aliyelitengeneza alisomea Ulaya?"

"Hata Nairobi hakufika."

Tulipokubaliana, alitaka kutafuta lori la kulipakia. Nikamwambia mbona linatembea. Halafu nikajikuta nasema, "Nifikishe Korogwe, kisha uende nalo."

Alinitazama kidogo. "Twende, mama."

Tukapita Sindeni. Aliendesha taratibu kuliko mume wangu. Mahali fulani niligeuka nimwonyeshe mahindi yalivyostawi, maneno yako mdomoni tayari, nikaona sikio la mtu nisiyemjua. Nikayameza. Machozi yalikaushwa na upepo. Sidhani kama aliyaona.

Korogwe, tulipotokea barabara kuu, alisimama.

"Nikurudishe nyumbani, mama?"

"Hapana, baba. Wewe nenda, safari yako ndefu."

Alipiga honi, akaelekea Mombo. Nilisimama pale hadi mlio wa injini ukapotelea katikati ya malori.

Sikuwa na hamu ya kurudi Chanika. Nikachukua pikipiki hadi Dindira, ambako sikuwa nimefika tangu mazishi. Nilimkuta wifi yangu shambani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Alinawa mikono, akanishika, tukaenda kaburini kwa kaka yake kung'oa magugu. Ukungu ulikuwa unashuka. Tukiwa tumeinama, ghafla akacheka.

"Huyu kaka utotoni alikuwa anaogopa ng'ombe, unajua? Akimwona tu, anapanda mti."

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulijua hilo. Nikaketi kwenye majani yenye unyevu, nikamwomba anisimulie.